Siku Ipi ya Ndege? Juu ya Kuhifadhi na Kukarabati Ndege za Vita vya Zamani

Mwanafunzi mmoja wa somo la tafsiri alituletea sentensi ya Kifaransa iliyomtesa usiku kucha. Sentensi yenyewe haikuwa ndefu. Ilieleza kwamba jumba moja la makumbusho huko Uingereza liliamua «conserver» ndege yake ya vita bila ya «restaurer». Yeye alikuwa ameandika: «Jumba la makumbusho limetengeneza ndege bila ya kuitengeneza.» Darasa lilicheka, naye akacheka pamoja nalo, lakini kosa halikuwa lake peke yake. Kitenzi «kutengeneza» kimebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili cha kila siku. Anayeunda kiti kipya anatengeneza. Anayegongomea mguu wa kiti cha zamani anatengeneza. Na anayepanga viti vizuri ukumbini, yeye pia anatengeneza. Katika mambo ya nyumbani jambo hili halileti taabu. Linaleta taabu pale ambapo tofauti ya kuunda, kurekebisha na kutunza ndiyo hasa inayozungumzwa.

Katika makala hii tunakusudia kueleza namna ndege za vita zilizo adimu zinavyotunzwa katika majumba ya makumbusho, na kwa nini wenye kazi hiyo wanabishana juu ya jambo ambalo mtu wa nje huliona kuwa la ufundi tu. Sisi si wahandisi. Tuliingia humo kwa mlango wa msamiati, tukakuta ndani swali ambalo kila anayehariri maandishi ya kale analijua. Kitu kilichotufikia kikiwa kimeharibika, je, tukionyeshe kama kilivyo, au tukirekebishe kiwe kama tunavyodhani kilikuwa? Na kama tutakirekebisha, tukirudishe katika siku ipi ya maisha yake?

Tupatane kwanza juu ya maneno. «Kuhifadhi» tutalitumia kwa kazi ya kuzuia uharibifu usiendelee: kitu kinabaki na majeraha yake, ila majeraha hayazidi. «Kukarabati» ni kukirudishia kitu sura na viungo alivyokuwa navyo wakati fulani uliochaguliwa. «Kuunda upya» ni pale ambapo viungo vingi vimetoka mahali pengine, na jina tu ndilo linaloviunganisha. Mipaka baina ya maneno haya matatu si ukuta wa mawe. Ndege moja yaweza kuwa imekarabatiwa kichwani na kuhifadhiwa mwilini, nasi tutaiona hivi punde.

Ndege iliyotajwa katika sentensi ya mwanafunzi wetu ni ya aina ya Halifax. Iliundwa na kampuni ya Handley Page ya Uingereza, ikaruka mara ya kwanza tarehe 25 Oktoba 1939, majuma machache baada ya Vita Vikuu vya Pili kuanza. Ilikuwa na injini nne, na kwa kawaida ilichukua watu saba. Kazi yake kubwa ilikuwa kutupa mabomu usiku. Baadaye ilitumwa pia kushusha watu na silaha kwa miavuli na kuvuta ndege zisizo na injini. Jumla ziliundwa 6,176. Vita vilipokwisha, hata moja haikutengwa ikawekwa nzima kwa ajili ya watu watakaokuja.

Msomaji atauliza: 6,176, na hata moja isibaki? Jibu limo katika chuma chenyewe. Mwezi wa Julai 1940 serikali ya Uingereza iliwaomba akina mama watoe masufuria yao ya alumini ili yayeyushwe na kuwa ndege. Baada ya 1945 safari iligeuka. Ndege zilikatwakatwa, zikayeyushwa, na alumini yake ikarudi jikoni. Nyingine ikawa nyumba, maana zilijengwa nyumba 54,500 za alumini kwa ajili ya watu waliokosa makazi baada ya vita. Alumini inayeyuka kwa digrii 660 tu, wala haipotezi ubora wake kwa haraka. Aliyewahi kuwatazama mafundi wa miji yetu wakiyeyusha vipande vya injini na kumwaga masufuria ndani ya mchanga hatashangaa hata kidogo. Ndege ya vita inakuwa adimu si kwa sababu watu waliidharau, bali kwa sababu mwili wake una faida kwa walio hai.

Kwa hiyo Halifax chache zinazoonekana leo zilitoka mahali ambapo mnunuzi wa vyuma vikuukuu hakufika: chini ya maziwa, ndani ya matope, na moja katika banda la kuku.

Ile ya mwanafunzi wetu ina namba W1048. Jioni ya tarehe 27 Aprili 1942 iliondoka Kinloss, katika nchi ya Scotland, pamoja na nyingine, kwenda kuishambulia manowari ya Kijerumani Tirpitz iliyokuwa imejificha karibu na mji wa Trondheim, Norway. Hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ya vita. Ilipigwa na mizinga ya kutungulia ndege, na rubani akaona kwamba haitafika nyumbani; akaishusha kwa tumbo, bila magurudumu, juu ya barafu ya ziwa Hoklingen. Watu wake wote walitoka hai. Mhandisi wa ndege alivunjika kifundo cha mguu, akaachwa na kuchukuliwa mateka. Wenzake walitembea hadi Sweden, nchi isiyokuwa vitani, wakisaidiwa na wenyeji. Saa kadhaa baadaye barafu ilipasuka, ndege ikazama. Ilikaa humo miaka 31. Mwaka 1973 wazamiaji wa jeshi la anga la Uingereza, pamoja na wazamiaji wa huko Norway, waliitoa ziwani, ikasafirishwa kwa meli hadi Uingereza.

Nia ya kwanza ilikuwa kuikarabati. Mafundi walianza na chumba cha mpiga bunduki cha mbele, wakakimaliza. Kisha wakuu wa jumba la makumbusho la jeshi hilo, lililoko Hendon, kaskazini mwa London, waliamua kwamba kazi isiendelee. Sehemu ile ya mbele ikabaki imekarabatiwa. Mwili uliobaki ukaonyeshwa kama ulivyotoka majini, mabati yakiwa yamepasuka, mbavu za ndani zikiwa wazi. Hiyo ndiyo ndege iliyokarabatiwa kichwani na kuhifadhiwa mwilini.

Kwa nini walisimama? Hoja yao, kwa kadiri tunavyoielewa, ni hii. Mwili wa ndege umefunikwa kwa mabati membamba ya alumini yaliyofungwa kwa maelfu ya misumari ya ribiti. Juu ya mabati hayo kuna rangi iliyopakwa kiwandani mwaka 1942, kuna mihuri ya wakaguzi, kuna namba zilizoandikwa kwa mkono wa mfanyakazi asiyejulikana, kuna matundu ya vipande vya mizinga. Bati lililoliwa halina nguvu tena. Ukilitoa na kuweka jipya umepata ndege iliyo imara, lakini umemtoa shahidi na kumweka mtu aliyesimuliwa habari. Ukifanya hivyo mara 1,000, shahidi hayupo tena, ijapokuwa sura yake imesimama mbele yako iking'aa. Na jambo hilo halirudi nyuma. Aliyehifadhi leo anaweza kubadili nia kesho na kukarabati. Aliyekarabati leo hawezi kesho kurudisha kutu aliyoiondoa.

Hoja ya upande wa pili nayo ina uzito, wala haifai kuipita kwa dharau. Mtu aliyeruka na Halifax akiwa na umri wa miaka 20, akapoteza wenzake, akazeeka, hakutamani kuja Hendon na wajukuu wake kuwaonyesha maiti. Alitaka waione ndege: urefu wake, ukubwa wa mabawa yake, ufinyu wa kile kitundu cha mkiani alimokaa mpiga bunduki katika baridi kali kwa saa nane. Mabaki hayamwambii mtoto mambo hayo. Mabaki yanaongea na anayejua kusoma mabaki.

Hapa tuondoe dhana moja. Wengi hufikiri kwamba kuhifadhi ni kuacha, na kwamba kukarabati ndiyo kazi. Sivyo. Ndege iliyokaa kwenye ziwa la maji baridi yasiyo na chumvi, kilindini ambako hewa ni kidogo, imefika katika hali ya kutulia. Kuoza kwake kumepungua. Siku inapotolewa, hewa na unyevu vinaishambulia kwa pamoja. Tena mwili wake si wa alumini tupu. Alumini yake imechanganywa na shaba kidogo ili iwe ngumu, boliti zake ni za chuma cha pua au cha kawaida, na baadhi ya viungo ni vya magnesi. Metali mbili za namna mbalimbali zikigusana ndani ya unyevu, umeme mdogo hupita baina yao, kama ndani ya betri, na ile iliyo dhaifu huliwa. Mahali ambapo boliti ya chuma imepenya bati la alumini, ni bati linaloanza kuisha, na linageuka unga mweupe. (Tunauita unga huo «kutu» kwa kukosa neno jingine, hali kutu ya watu wengi ni ile nyekundu ya chuma. Waandishi wa msamiati wa sayansi wangetusaidia wakitenganisha mambo haya mawili.)

Ndege iliyotoka baharini ina shida kubwa zaidi, kwa sababu ya chumvi. Mfano unaojulikana sana ni ndege ya Kijerumani ya aina ya Dornier Do 17 iliyoangushwa tarehe 26 Agosti 1940 na kulala katika mchanga wa Goodwin Sands, kwenye mlangobahari unaotenga Uingereza na Ufaransa. Ilitolewa tarehe 10 Juni 2013, ikapelekwa katika jumba la makumbusho la Cosford. Hapo haikuguswa kwa nyundo wala kwa rangi. Iliwekwa ndani ya mahema marefu ya plastiki, ikawa inanyunyiziwa maji yenye asidi ile iliyomo katika ndimu, pamoja na soda ya kupunguza ukali wake ili asidi isile metali. Dawa hiyo ilipendekezwa na wataalamu wa Imperial College London. Kazi yake ilikuwa kuosha chumvi iliyojificha ndani ya nyufa na kulegeza makombe na uchafu wa bahari. Iliendelea miezi na miezi. Mtu aliyepita hapo na kuona ndege inaogeshwa mwaka mzima angedhani hakuna kinachofanyika. Kumbe kama isingeogeshwa, ingemalizika kuwa unga mbele ya macho ya wageni.

Turudi kwa Halifax, maana dada za W1048 walipata majaliwa mengine.

Halifax ya namba NA337 ilikuwa inawashushia silaha wapiganaji wa Norway waliokuwa wakipinga utawala wa Wajerumani. Ilipigwa usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Aprili 1945, majuma mawili tu kabla ya vita kwisha Ulaya, ikaangukia ziwa Mjøsa. Kati ya watu wake sita alipona mmoja, mpiga bunduki wa mkiani. Mwaka 1995 ilitolewa kutoka kina cha mita zaidi ya 200, ikapelekwa Trenton, katika mkoa wa Ontario, Kanada. Huko watu wa kujitolea, wengine wao wazee waliokuwa wameitumikia Halifax, walifanya kazi kwa miaka kumi. Ilionyeshwa rasmi tarehe 5 Novemba 2005. Imepakwa rangi yake ya Aprili 1945. Mabati mengi ni mapya, yamekatwa kwa kufuata vipimo vya yale yaliyoharibika. Mgeni anaiona Halifax nzima, na haoni ziwa.

Ya Elvington, karibu na mji wa York, ni jambo jingine kabisa. Kipande cha mwili wake kilitoka katika kisiwa cha Lewis, ambako mkulima alikuwa amekifanya banda la kuku. Mabawa yalitolewa katika ndege ya aina nyingine, Hastings, iliyoundwa na kampuni ile ile baada ya vita. Injini zilitolewa na jeshi la anga la Ufaransa. Sehemu zilizokosekana zilifanyizwa hapo hapo. Tarehe 13 Septemba 1996, siku ya Ijumaa, ilitolewa nje ikiwa imepakwa ubavu mmoja jina la ndege mashuhuri, «Friday the 13th», iliyokuwa imeruka safari 128 za vita na ambayo yenyewe ilivunjwa mwaka 1945. Ubavu wa pili una alama za kikosi cha 346, «Guyenne», kikosi cha Wafaransa kilichokuwa na kambi hapo hapo Elvington. Tukiulizwa ni ndege ipi, hatuna budi kujibu kwamba siyo yoyote. Ni ndege iliyoundwa upya, na wenyewe hawafichi. Tunakiri kwamba mwanzoni tulikuwa tayari kuidharau. Baadaye tulifikiri kwamba watu wa Elvington hawakusema «hii hapa ndiyo ndege yenyewe». Walisema «ndege ilikuwa hivi». Kauli hizo mbili zina sarufi tofauti, na ya pili si uongo.

Halifax ya nne haikupata kusimama popote. Namba yake ni LW682, iliangushwa mwezi wa Mei 1944, ikazama katika bwawa la matope karibu na Geraardsbergen, nchini Ubelgiji. Ilipofukuliwa mwaka 1997, watu watatu walikuwa bado ndani, kila mmoja mahali pake pa kazi. Walizikwa mwaka huo huo kwa heshima za kijeshi. Viungo kadhaa vya ndege hiyo vilipelekwa Trenton kuisaidia NA337. Sehemu nyingine ya alumini yake iliyeyushwa, ikatumika katika paa la ukumbusho wa marubani na wenzao uliojengwa Green Park, London, na kufunguliwa mwaka 2012. Angalia jambo hilo: kuyeyusha, kitendo kile kile kilichozimaliza Halifax 6,000 na zaidi bila ya mtu kulia, hapa kimekuwa kitendo cha heshima. Aliyeyusha tu ndiye aliyebadilika, pamoja na sababu yake.

Sisi tunaofundisha Kiswahili cha Katanga tunacho kielelezo cha kulinganisha. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, alitunga hapa Lubumbashi historia ya mji huu iitwayo «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Ilipigwa mashine kwa tahajia yake yenyewe. Maneno mengine yameungana, mengine yamekatwa katikati, alama za vituo zinakuja zikitaka. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990, kwa msaada wa Kalundi Mango na Walter Schicho, hakulazimika kuchagua. Aliyatoa maandishi kama yalivyo, na sambamba nayo akatoa usomaji wa msemaji wa Kiswahili cha hapa, uliokata maneno mahali pake na kurudisha sauti. Msomaji ana yote mawili: kilichohifadhiwa na kilichokarabatiwa. Akitaka kujua mashine ilipiga nini, anatazama huku. Akitaka kuelewa, anatazama kule.

Mwenye ndege hana nafasi hiyo. Mwili ni mmoja. Bati hili hili au linabaki na rangi yake iliyochubuka, au linasuguliwa. Ndiyo maana ubishi wao una ukali ambao sisi wa maandishi hatuujui, na ndiyo maana swali la «siku ipi» linakuja kwa nguvu. Kila ukarabati ni uchaguzi wa siku moja. Siku nyingine zote zinafutwa kwa makusudi.

Hakuna ndege ambayo uchaguzi huo umeonekana wazi kama katika Enola Gay, nayo inatugusa kwa namna ambayo Halifax haitugusi.

Enola Gay ni ndege ya Kimarekani ya aina ya B-29. Iliundwa katika kiwanda cha kampuni ya Martin karibu na Omaha, jimbo la Nebraska, na jina lake ni la mama wa rubani. Tarehe 6 Agosti 1945 ilitupa juu ya mji wa Hiroshima bomu la kwanza la atomiki kutumika katika vita. Hadi mwisho wa mwaka ule watu waliokufa kwa bomu hilo wanakisiwa kuwa 140,000. Vita vilipokwisha, ndege ilikabidhiwa Taasisi ya Smithsonian, ambayo haikuwa na mahali pa kuiweka. Iliruka mara ya mwisho Desemba 1953, hadi uwanja wa Andrews karibu na Washington, ikaachwa nje. Mvua iliinyeshea, ndege wenye manyoya walijenga viota ndani yake, na watu waliiba vipande. (Lugha yetu inayaita yote mawili «ndege», au «ndeke» kama tusemavyo hapa mjini, msomaji atusamehe.) Mwaka 1960 ilianza kufunguliwa vipande vipande, na mwaka uliofuata ikawekwa ghalani.

Ukarabati ulianza tarehe 5 Desemba 1984. Ulichukua saa za kazi zipatazo 300,000. Kila kiungo kilifunguliwa, kikaandikwa, kikasafishwa, kikapakwa dawa ya kuzuia kuliwa, kikarudishwa. Mabati ya nje, ambayo hayakuwa na rangi, yalisuguliwa mpaka yakang'aa. Siku iliyochaguliwa ni 6 Agosti 1945, na uaminifu kwa siku hiyo ulifika mpaka kwenye herufi: mkiani kuna R ndani ya duara, alama ya kuwadanganya maadui iliyopakwa kwa muda badala ya alama ya kikosi chenyewe. Kwa upande wa ufundi ni kazi ya kustahiwa. Miaka saba ya kuachwa nje imefutwa kabisa. Huwezi kujua kwamba viota viliwahi kuwemo.

Lakini siku iliyochaguliwa si siku ya kawaida, na mzozo haukuchelewa. Smithsonian ilikuwa imepanga kuonyesha sehemu ya mbele ya ndege hiyo mwaka 1995, miaka 50 baada ya bomu, pamoja na maelezo marefu juu ya uamuzi wa kulitumia na juu ya waliopigwa nalo. Askari wa zamani na wabunge walipinga, wakisema kwamba maelezo hayo yanawaonea Wamarekani. Wanahistoria nao walipinga kila kilichokuwa kikifutwa. Januari 1995 mpango ulivunjwa. Mwezi wa Mei mkurugenzi wa jumba hilo, Martin Harwit, alijiuzulu. Kuanzia Juni 1995 hadi Mei 1998 sehemu ya mbele ilionyeshwa na maelezo machache, na karibu watu 4,000,000 walikwenda kuitazama. Ndege nzima ilionyeshwa Desemba 2003 katika jumba jipya karibu na uwanja wa Dulles, Virginia. Maandishi yaliyowekwa mbele yake mwaka huo yalikuwa ya kifundi: aina, uwezo, tarehe, tendo. Idadi ya waliokufa haikuwamo, na wengi walilalamika.

Lalamiko letu linatangulia hilo, wala hatujaliona likitajwa katika mzozo ule. Bomu lililotupwa Hiroshima lilikuwa la urani, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Wamarekani ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ulioitwa Jadotville. Mgodi ulikuwa wa Union Minière du Haut-Katanga. Mawe yake yalikuwa na utajiri usiopatikana pengine duniani. Mengine yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, hali penginepo asilimia moja ilihesabiwa kuwa nyingi. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa amepeleka zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York tangu 1940, na mwezi wa Septemba 1942 akayauza kwa jeshi la Marekani. Baadaye mgodi ulifunguliwa tena ili kuchimba zaidi. Waliochimba, waliopanga mawe kwa mikono na waliojaza magunia ni watu wa hapa, na wengi wao hawakuambiwa wanachimba kitu gani.

Hatusemi kwamba Smithsonian iliyaficha mambo haya. Tunasema kwamba siku iliyochaguliwa haiwezi kuyabeba. Ukiirudisha Enola Gay katika asubuhi ya 6 Agosti 1945, historia yake inaanzia Omaha na kuishia Hiroshima; chumba cha bomu kimekarabatiwa kikamilifu, nacho ni kitupu. Hakuna bati la kusugua ili Likasi ionekane. Hapo ufundi wa mikono unafika mwisho wake, na inayobaki ni kazi ya maneno, yaani ya kile kibao kidogo kilichosimama mbele ya ndege. Mistari miwili ingetosha. Wanaotunza ndege hupima kwa makini sehemu ya kumi ya milimita. Sioni kwa nini kibao kisipimwe kwa makini hayo hayo, wala kwa nini pendekezo la mistari hiyo lisitoke katika chuo chetu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa na kwa lugha yao.

Mwanafunzi wetu alirudi juma lililofuata na sentensi iliyonyooka: «Jumba la makumbusho limeihifadhi ndege bila ya kuikarabati.» Ikakubaliwa. Kisha akauliza jambo lililotuchukua saa nzima iliyobaki. Mashimo ya Shinkolobwe yalijazwa saruji kabla ya uhuru wa 1960. Mji wa wafanyakazi haupo tena. Watu walirudi kuchimba kobalti kwa majembe, mpaka machimbo yakafungwa kwa amri ya rais Januari 2004, na Julai mwaka huo sehemu yake ikaporomoka na kuua watu. Je, alitaka kujua, mahali kama hapo tuandike pamehifadhiwa, kwa kuwa hakuna aliyepagusa kwa kukarabati? Mmoja akasema pamefungwa, mwingine pamezibwa, mwingine pameachwa. Ubaoni tuliandika «pamezibwa», kwa kuwa saruji ipo na inaonekana, na orodha ya msamiati ikapigwa mashine hivyo.